Farasi Thelathini

Kilima cha kwenda kliniki ya viungo kilikuwa na urefu wa mita mia sita, na kila Jumamosi familia ilikipanda kwa utaratibu uleule. Chini, mbele ya duka la saruji, gari lilisimama. Mke alishuka, binti mkubwa akashuka, binti mdogo akashuka na chupa ya maji ya bibi yake. Ndani walibaki wawili: mume kwenye usukani, na mama mkwe kwenye kiti cha mbele, mguu wa kulia ameunyoosha, mkongojo katikati ya magoti. Hapo gari lilianza kupanda kwa gia ya kwanza, likikohoa, na wale watatu walipanda kwa miguu kando yake. Mara nyingi walifika pamoja. Mara mojamoja watembea kwa miguu walitangulia, wakalisubiri.

Lilikuwa sedani nyeupe ya milango minne, lenye umri wa miaka kumi na tisa, na nyumbani waliliita Subira. "Subira huvuta heri," mke alisema siku lilipokokotwa kurudi nyumbani kwa kamba, nyuma ya pikapu ya jirani. "Yetu ndiyo inavutwa."

Mume alikuwa mkaguzi katika ofisi ya vipimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni, mabuchani na kwenye maghala, akipima mizani za watu kwa mawe ya serikali. Mizani nzima aliigonga muhuri na kuibandika kibandiko cha kijani. Mbovu aliibandika chekundu na kuifunga. Wafanyabiashara walimwita Bwana Gramu, kwa sababu aliwahi kufunga bucha kwa ajili ya gramu kumi na tano. Katika miaka ishirini na miwili hakupokea kwa mfanyabiashara hata chungwa. Hakuwa akijisifu kwa hilo. Aliona ni sehemu ya kazi, kama kuvaa shati lenye nembo.

Jumamosi moja Subira ilikata pumzi katikati ya kilima. Bwana Gramu alikanyaga mafuta. Injini ililia, gari halikwenda. Likaanza kurudi nyuma. Alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, na mkewe akakimbia kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Lori la mchanga liliwapita. Lilikuwa limejaa.

Mama mkwe alifungua mlango mwenyewe.

"Mama, usishuke," alisema Bwana Gramu.

"Nisishuke ili iweje?"

Alizipanda zile mita mia tatu zilizobaki, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine begani kwa bintiye, akisimama mara nne kuvuta pumzi. Watu waliokuwa kwenye lango la kliniki waliacha mazungumzo yao, wakatazama. Mlinzi alileta kiti. Bwana Gramu alifika baada ya dakika ishirini, peke yake ndani ya gari tupu, akaegesha na kwenda kusimama mbele ya mkwewe kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Gari limechoka, mwanangu," mama mkwe alimwambia, akijipepea kwa kadi ya kliniki. "Na mimi nimechoka. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimefika."

Mtaalamu wa viungo alilishika lile goti lililofanyiwa upasuaji, akakunja uso. Limevimba. Leo hakuna mazoezi, ni barafu tu. Nani aliyemwambia mama atembee?

Binti mdogo ndiye aliyenyoosha kidole, akamwonyesha baba yake.

*

Jumatatu iliyofuata ratiba ya Bwana Gramu ilimpeleka kwenye yadi ya vyuma chakavu. Mwenye yadi alikuwa mtu mnene, mpole, aliyekaa siku nzima kwenye kiti alichokitoa ndani ya basi lililopinduka. Kando yake ilikuwako mizani kubwa ya jukwaa ambayo juu yake wachuuzi wa vyuma waliweka magunia yao.

Bwana Gramu alipanga mawe matano ya kilo ishirini. Sindano ikasoma tisini na tano. Aliyatoa, akayapanga upya. Tisini na tano.

"Inaiba kilo tano katika kila mia."

"Haiibi," alisema mwenye yadi. "Imechoka tu. Nipe mwezi, niagize springi."

"Mwezi sina. Nina kibandiko chekundu."

Alikuwa ameshafungua mkoba wake alipotokea mtu kwenye mlango uliokatwa ukutani, akijifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mdogo wake mwenye yadi, naye gereji yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Vijana wa mjini walimwita Fundi Mbio. Walimpelekea magari ya kawaida, akayarudisha yakiunguruma.

"Ile nyeupe pale nje ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu."

"Nimeisikia ikiingia. Inahema kama mtu mwenye pumu. Mkubwa, unapandaje nayo mlima?"

Pengine angeuliza swali jingine lolote, mambo yasingekwenda yalivyokwenda. Bwana Gramu alimweleza habari ya kilima. Hakukusudia kueleza yote, lakini alijikuta amefika hadi kwenye kiti cha mlinzi.

Fundi Mbio alisikiliza kwa heshima. Alitoka nje, akafungua boneti, akasikiliza injini, kichwa ameinamisha.

"Hii ilitoka kiwandani na nguvu za farasi tisini," alisema. "Leo wamebaki sitini, na hao nao wanachechemea. Mimi naweza kukuongezea thelathini. Kuna gari lililobondeka hapo nyuma, turbo yake nzima kabisa. Kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya injini. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Nakubadilishia na bomba la moshi, ipumue. Siku tatu tu."

"Kwa bei gani?"

"Mkubwa, nani amezungumzia bei?" Fundi Mbio alionekana kuumia kidogo. "Huyo ni mama mzazi. Sisi hatutoi rushwa. Tunasaidiana tu."

Mwenye yadi, kutoka kwenye kiti chake cha basi, alikubali kwa kichwa. Kusaidiana ni kitu kizuri.

"Na utawapimaje hao farasi thelathini?" Bwana Gramu aliuliza.

"Hawapimwi. Utawasikia."

Kila muuzaji aliyewahi kumwambia Bwana Gramu kwamba bidhaa yake haipimwi, alimfungia biashara. Siku hiyo alitazama mawe yake matano juu ya jukwaa. Aliwaza goti lililovimba, na lile lori la mchanga. Kisha akarudisha kibandiko chekundu kwenye mkoba, akatoa cha kijani, akakibandika, akafunga lakiri ya risasi, isiyofunguka bila kukatwa, na kuigonga muhuri. Muhuri ulikaa sawasawa katikati. Hilo lilimshangaza baadaye kuliko yote.

*

Farasi walikuwa wa kweli. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ingekuwa rahisi kama Fundi Mbio angekuwa tapeli.

Jumamosi mke alijiandaa kushuka mbele ya duka la saruji kama kawaida. Mkono wake tayari ulikuwa kwenye kitasa.

"Kaa," mumewe alimwambia.

Alikanyaga mafuta. Chini ya boneti kilisikika kitu kama mluzi, kisha mgongo wa kila mtu ukaganda kwenye kiti. Duka la saruji likabaki nyuma. Walilipita lori. Waliipita teksi, na dereva wa teksi akageuka kutazama ni gari gani. Mama mkwe alishika dashibodi kwa mkono mmoja na mkongojo kwa mkono mwingine, na walipofika langoni mlinzi alikuwa bado hajasimama.

"Yesu na Maria," alisema mke, ambaye hakuwa mtu wa kutaja watakatifu ovyo.

Binti mkubwa alicheka hadi machozi. Binti mdogo alitaka kujua hao farasi wamewekwa wapi.

"Ndani ya injini."

"Wote thelathini?"

"Wote."

"Wanakula nini?"

"Petroli," alisema baba yake, na lilikuwa jibu sahihi, kwani tangu Jumatano mshale wa mafuta ulikuwa ukishuka huku akiuona.

Zikafuata Jumamosi nyingine mbili za namna hiyo. Goti lilianza kukunjika. Mtaalamu wa viungo alisifu. Mke alianza kumpigia dada yake simu kwa ajili ya kumwambia tu kwamba wametumia dakika mbili. Bwana Gramu alijigundua akipita barabara ya kilimani hata siku ambazo hakuwa na safari huko. Nyumbani walimuuliza alivyopata pesa za kazi kubwa hivyo, akasema fundi ni mtu wanayefahamiana. Halikuwa uongo. Walikuwa wanafahamiana sana.

*

Wiki ya tatu mpira mmoja wa turbo ulilegea, akampelekea Fundi Mbio aukaze. Alikaa juu ya tairi kuukuu, upande wa yadi, akisubiri.

Mwanamke mmoja aliingia akisukuma mkokoteni. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, kitambaa cha kichwa amekifunga kwa nguvu kama mtu anayezuia kichwa kisifunguke. Alishusha gunia la vyuma, akalipandisha kwenye jukwaa kwa goti na mikono.

"Themanini," alisema kabla sindano haijatulia.

"Sabini na sita," alisema mwenye yadi.

"Mzee, huu mzigo ni themanini. Nabeba vyuma mwaka wa kumi na mbili huu. Nikiinua, najua."

"Mama, mikono si mizani." Mwenye yadi hakupandisha sauti. "Ona kibandiko. Ona lakiri. Na kama huamini, aliyepima ni yule pale kwenye tairi. Muulize."

Mwanamke aligeuka. Aliitazama nembo kwenye shati, kisha uso.

"Baba, umeipima wewe?"

"Ndiyo," alisema Bwana Gramu.

"Na ni nzima?"

Upande wa pili wa ukuta Fundi Mbio alikuwa akigonga kitu kwa nyundo. Aligonga mara tatu, akaacha.

"Ina muhuri," alisema Bwana Gramu.

"Haya," alisema mwanamke. "Basi."

Alipokea hesabu ya kilo sabini na sita. Kabla ya kushika mkokoteni aliigeuza mikono yake, akaitazama viganja, kama mtu anayetazama simu iliyokataa kuwaka.

*

Mama mkwe aliuza nafaka sokoni miaka thelathini. Jioni ile, mke akiwa jikoni na mabinti wakiwa kwenye madaftari yao, alimwita mkwewe barazani akamwonyesha kiti.

"Lile gari, fundi ulimlipa nini?"

"Tulielewana, mama."

"Mlielewana nini?"

"Tulielewana tu."

"Tulielewana," mama mkwe alirudia polepole. "Neno hilo nalijua. Nililisikia sana sokoni. Kila aliyelisema, kulikuwa na mtu wa tatu ambaye hakuulizwa."

Bwana Gramu alitazama vidole vya miguu yake. Kisha akasema. Alisema yote kwa mpangilio, kama anavyosoma ripoti: tarehe, aina ya mizani, upungufu, kibandiko. Alipofika kwa mwanamke wa mkokoteni mpangilio ulimpotea, akarudia mara mbili kwamba alimjibu "ina muhuri".

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Kwa hiyo umeuza muhuri," alisema.

"Sikuchukua hela."

"Wala sijasema hela." Alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na namna ya kunyamaza iliyofanya watu wazima wakae sawa. "Sasa unataka kufanya nini?"

"Nirudi nikaifunge ile mizani. Watoe vitu vyao."

"Lini?"

"Kesho."

"Baba watoto, zimebaki Jumamosi sita." Sauti yake ilishuka. "Sita tu, mama amalize. Goti ndiyo kwanza linakunjika. Huwezi kungoja wiki sita? Hiyo mizani imeiba miaka mingapi kabla yako?"

Kwa kweli Bwana Gramu alifurahi kuulizwa. Wiki sita zilimwingia moyoni kama kiti kwa mtu aliyesimama siku nzima. Kesho yake hakwenda yadi. Kesho kutwa pia.

Jumamosi gari liliwashwa. Mabinti waliingia, mke akaingia, mto wa kuegemeza mguu ukawekwa. Mama mkwe alibaki amekaa kwenye ngazi ya mlango, amevaa nguo zake za kliniki, mkongojo magotini.

"Mama, tunachelewa," mke aliita.

"Nendeni."

"Twende wapi bila wewe?"

"Mimi sipandi."

"Mama, goti lako litakakamaa!"

"Litakakamaa. Ni goti langu." Hakuonekana kukasirika. "Nikilinyoosha kwa kilo za mwanamke mwenzangu, nitatembea nalo kwenda wapi?"

Mke alishuka, akaingia ndani bila kumtazama mtu, na mlango wa chumba ukasikika. Mabinti walibaki kwenye kiti cha nyuma, mikanda imefungwa. Subira ilinguruma palepale kwa robo saa, ikinywa petroli, mpaka Bwana Gramu alipoizima, akawashusha mabinti na kuingia ndani kuchukua mkoba wake wa kazi.

*

Mwenye yadi alimwona akishusha mawe matano aliyoyapitia ofisini, akajua.

"Mkubwa, leo Jumamosi."

"Najua."

Tisini na tano. Alikata lakiri yake mwenyewe kwa koleo, akabandua kibandiko cha kijani, akabandika chekundu. Kisha akaomba daftari la yadi, kama sheria ilivyomruhusu, akakaa palepale juu ya tairi akinakili. Watu waliopitisha vyuma katika wiki zile walikuwa wengi. Wengine waliandikwa kwa jina moja, wengine kwa alama tu. Mwanamke wa mkokoteni aliandikwa "Mama Mkokoteni". Katika wiki tatu na siku tano alikuwa ameuza kilo mia tano themanini na tisa. Bwana Gramu alipiga hesabu mara mbili. Zilikuwa mia sita na ishirini.

Fundi Mbio alitokea mlangoni. "Na farasi wetu?"

"Watoe."

"Mkubwa, fikiria. Gari limeshazoea."

"Watoe, nasubiri."

Kazi ya siku tatu ilitoka kwa saa nne. Kuvunja daima ni rahisi. Ilipofika zamu ya kurudisha bomba la zamani, Fundi Mbio alijikuna shingo.

"Bomba lako na sailensa yake tuliviuza. Kama chuma."

"Mliviuza?"

"Kwa kilo. Zilifika tisa na nusu." Akafikiri. "Kwa mizani yetu."

Bwana Gramu aliondoka na kipande kifupi cha bomba kilichofungwa kwa waya. Subira ilikuwa imerudi kwenye farasi wake sitini wanaochechemea, lakini sasa ilipiga kelele za gari la mashindano. Mtaa mzima ulimsikia dakika tano kabla hajatokea. Watu walitoka milangoni kuona kinachokuja kwa kasi namna hiyo, wakamwona Bwana Gramu akipita polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele.

*

Jumatatu alimpelekea mkuu wa ofisi yao barua ya kurasa mbili. Mkuu alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na hakupenda barua ndefu. Aliisoma yote, akairudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Nani amekushtaki?"

"Hakuna, mkuu."

"Basi huna kosa."

"Kosa ninalo. Mshtaki ndiye sina."

Mkuu alivua miwani. "Unajua ningeweza kuiweka hii kwenye droo."

"Najua."

"Na unajua nikishaipiga muhuri wa kupokelewa, haitoki tena."

"Ndiyo maana nimekuletea."

Mkuu alimtazama kwa muda, kwa chuki kidogo, kama mtu anavyomtazama aliyemwamsha usingizini. Kisha akagonga muhuri.

Mwenye yadi alitozwa faini, akailipa siku hiyohiyo, akanunua mizani mpya ya kidijitali. Bwana Gramu alikatwa nusu mshahara kwa miezi mitatu, akaondolewa masokoni, akapelekwa stoo kufuta vumbi mawe ya kupimia na kuyapanga kwa ukubwa. Mwenzake mmoja alilia kama farasi kila alipopita mlangoni na faili. Aliigiza vizuri kiasi kwamba wiki ya kwanza Bwana Gramu aligeuka kila mara.

Mkewe hakusema naye siku tisa. Siku ya kumi alimwambia chumvi imekwisha. Mtaalamu wa viungo alipopigiwa simu alisema mazoezi mengine yanaweza kufanyika nyumbani, kama kuna ngazi na mtu wa kuhesabu. Ngazi ilikuwepo. Binti mkubwa alihesabu, na mama mkwe alipanda na kushuka kila asubuhi, ameuma meno, akidai mara zote kwamba mjukuu wake anaruka namba. Goti lilipona kwa kuchelewa, na halikupona lote. Mke aliliona kila siku, akipita na ndoo au na madaftari ya wanafunzi, na kila mara Bwana Gramu alijua ameliona.

*

Mwisho wa mwezi aliomba ruhusa ya nusu siku. Alikuwa amekusanya vyuma vyake mwenyewe: fremu ya kitanda alichokilalia kabla ya kuoa, vipande vya lango la zamani, keria ya juu ya Subira. Alivikata kwa msumeno, akavipima stoo kwa mawe ya serikali, akiongeza msumari na kupunguza msumari, mpaka akaridhika. Akavitia kwenye gunia, gunia kwenye buti.

Yadini alikuwa amepigwa marufuku. Aliegesha nje ya lango, chini ya ukuta, akasubiri. Ilipokaribia saa saba mwanamke wa mkokoteni alitokea, mkokoteni mtupu. Alikuwa ametoka kuuza. Alimtambua bila shati la nembo.

"Mama, shikamoo," alisema Bwana Gramu, ingawa walilingana umri, au pengine yeye ndiye mkubwa.

Mwanamke hakuitikia. Alimtazama tu.

"Ile mizani ilikuwa mbovu. Niliipima, nikajua, nikaigonga muhuri. Siku ile uliponiuliza nilijua pia." Alikuwa ameyafanyia maneno haya mazoezi, lakini yalikwisha mapema kuliko alivyotarajia. "Nimekuja kukuambia."

Mwanamke aliuegemea mkokoteni wake.

"Ilikuwa mbovu," alisema.

"Ndiyo."

"Unajua mimi nilifanyaje? Kila gunia niliongeza. Nilikuwa nikiinua, mikono inasema themanini, moyo unasema hapana, ongeza, mikono yako imezeeka inakudanganya. Nikaongeza mpaka mgongo ukagoma. Nikamwambia binti yangu, mwanangu, nguvu zimeniisha, kilo nne sasa nazisikia kama nane." Hakuwa akilia wala kufoka. Alieleza tu. "Mizani za watu zinaiba, hilo najua, mimi si mtoto. Lakini ile ilikuwa na muhuri wako. Nikadhani ni mimi."

Bwana Gramu alifungua buti. Aliliburuta gunia hadi ukingoni.

"Ni zako," alisema. "Zile zilizopungua."

"Ngapi?"

Alifungua kinywa kumjibu, lakini mwanamke alikwisha kumwashiria kwa kiganja anyamaze. Alisogea, akapanga miguu, akalishika gunia kwa chini na kwa juu, akaliinua kutoka kwenye buti. Alisimama nalo kifuani, macho ameyafumba, kama anayesikiliza. Lori lilipita barabarani, vumbi likawafunika wote wawili, hakutikisika.

"Thelathini na moja," alisema.

"Thelathini na moja kamili," alisema Bwana Gramu.

Mwanamke aliliweka gunia kwenye mkokoteni. Kisha akaliinua tena, safari hii bila sababu yoyote, akalishusha taratibu.

"Kumbe mikono yangu mizima," alisema.